Jua la kutosha kwa sakulenti ya ndani ni lipi hasa?

Sakulenti ni jina la jumla la mimea inayoweka akiba ya maji kwenye majani, shina au mizizi: mshubiri (alovera), kaktasi, ekeveria yenye umbo la waridi, haworthia na jamaa zao wengi. Karibu yote huuzwa kwa agizo lilelile: "Iweke penye mwanga mwingi." Mwingi kiasi gani, muuzaji hasemi, na macho yetu ni mashahidi wabaya katika kesi hii.

Chukua sebule ya kawaida ya Dar es Salaam saa 6 mchana. Nje juani kuna takriban laksi 100,000, laksi ikiwa ndicho kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. Kwenye kivuli cha ukuta, mahali ambapo anga linaonekana, zinabaki kama 10,000. Ndani, hatua moja au mbili kutoka dirisha lisilopigwa na jua, unazungumzia elfu moja au mbili tu. Kwenye meza ya televisheni upande wa pili, mia moja au mia mbili. Ukiingia kutoka nje chumba kinaonekana kiza, lakini baada ya dakika chache mboni zinatanuka na unaona kweupe kila kona. Mmea hauna mboni. Penye laksi 150 unapata hizo 150, basi.

Kwa hiyo mwanga wa kutosha ni hesabu ya vitu viwili pamoja, yaani ukali wake na muda wake. Ekeveria, mshubiri na kaktasi nyingi zinataka jua lenyewe liziguse kwa muda wa saa 4 hadi 6 kila siku. Haworthia, ambayo kwao Afrika Kusini huota chini ya vichaka na kwenye nyufa za miamba, hutosheka na jua la asubuhi kwa saa 2 hivi, kisha mwanga mzuri wa kawaida. Sansevieria na ule mmea wa maofisini uitwao ZZ, ambao asili yake ni huku huku Afrika Mashariki na kusini yake, huvumilia vyumba vya kiza. Nasema huvumilia. Ukiona ZZ kwenye korido isiyo na dirisha imekaa miaka bila kutoa jani jipya, haijapenda mahali hapo, inaishi kwa akiba.

Na hapo ndipo watu wengi hukosea. Mmea laini kama mrehani ukinyimwa mwanga hulalamika mapema. Sakulenti ina chakula na maji mwilini, na ukuaji wake ni wa taratibu. Nyingi hufunga vitundu vya majani mchana ili zisipoteze maji, zikavifungua usiku kuvuta hewa ya kaboni na kuihifadhi kama asidi, halafu mchana jua likiwaka ndipo asidi hiyo inatumika kutengenezea sukari. Kazi hiyo ya mchana ikikosa mwanga, mmea hautaanguka wiki hii wala ijayo. Utakuja kugundua mwezi wa tatu, ukiwa umeshabadilika umbo.

Sasa dirisha. Maelekezo mengi ya mtandaoni yanasema tafuta dirisha linalotazama kusini. Ni ushauri sahihi kabisa kwa mtu wa London au Chicago, kwa sababu huko jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba jua la saa 6 liko kaskazini ya utosi, na miezi iliyobaki liko kusini. Tena liko juu sana: hata Juni, linapokuwa chini kuliko wakati wowote, bado ni nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Weka na bati lililotokeza nje ya ukuta, kama nyumba zetu nyingi zilivyo, na jua la mchana haliingii ndani ila kidogo kwenye madirisha ya kaskazini katikati ya mwaka. Desemba, dirisha la kusini lenye bati refu halioni jua la saa 6 hata kidogo.

Kwa nyumba za huku, basi, ushindani ni kati ya mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki ndilo ningelichagua bila kufikiri mara mbili: jua linaingia likiwa chini, kuanzia saa 1 hadi saa 4 hivi asubuhi, na halina ukali wa kuchoma. La magharibi linapata jua kuanzia saa 9 alasiri, wakati kuta na kioo vimeshapata moto, na Januari au Februari jani lililogusa kioo linaweza kuungua. Nairobi mambo ni yaleyale, ila Julai na Agosti asubuhi nyingi zina mawingu, kwa hiyo mashariki hudhoofika na magharibi hupata nafasi.

Kuna kitu vitabu vya wenzetu havikitaji: wavu wa mbu. Wavu hupunguza mwanga, na ukishashika vumbi la barabarani hupunguza zaidi. Ongeza kioo cha rangi cha dirisha la aluminiamu na pazia jepesi, na lile dirisha zuri la mashariki linabaki jina. Kabla ya kuhamisha chungu, osha wavu kwanza.

Kupima huhitaji kifaa. Weka karatasi nyeupe pale unapotaka chungu kikae, wakati pana mwanga mwingi kuliko saa nyingine, kisha shika mkono wako sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye ukingo mkali, vidole vikihesabika, ni mahali pa ekeveria na mshubiri. Kivuli chenye ukingo uliofifia kinafaa haworthia. Kama huoni kivuli, weka ZZ au weka picha ya ukutani.

Mmea wenye njaa ya mwanga hurefuka. Majani yanaachana hadi shina linaonekana katikati yake, rangi inapauka, na kichwa kinalalia dirishani, kwa sababu homoni iitwayo oksini hukusanyika upande wenye kivuli na kuzirefusha seli za huko. Kuzungusha chungu kila wiki kunanyoosha shina, hakuongezi mwanga. Punguza na maji pia: udongo unakauka polepole, na mizizi ya sakulenti huoza haraka kwenye tope.

Jua likizidi ghafla, unaona mabaka meupe au ya kahawia yaliyokauka, na hayo hayaponi. Miche mingi ya kando ya barabara imekuzwa chini ya neti ya kivuli, kwa hiyo usiitoe kwenye neti ukaipeleka juani siku hiyohiyo. Ianzishe na saa moja ya jua la asubuhi, uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Wekundu kwenye kingo za majani si ugonjwa. Ni rangi ya kujikinga, na wapenzi wa ekeveria huitafuta makusudi.

Shina lililokwisha kurefuka halirudi kuwa fupi. Kata kichwa kwa kisu safi ukiacha shina la vidole viwili, kiache kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, ndipo ukipande kwenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Kisiki usikitupe, kwa kawaida kitachipua.