Wapiga saksafoni wa jazi: yanayopotoshwa kuhusu picha na rekodi zao za kale

"Rekodi ni rekodi, unasikia kile kile kilichopigwa." Sivyo. Chukua Kind of Blue, albamu ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ambamo saksafoni ziko mikononi mwa John Coltrane na Cannonball Adderley. Siku ya kwanza studioni, Machi 2, 1959, mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inazungusha kanda polepole kuliko inavyotakiwa. Kanda hiyo ilipochezwa kwenye mashine yenye kasi sahihi, muziki ukakimbia kidogo na sauti ikapanda. Nyimbo tatu za upande wa kwanza ziliuzwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30, hadi toleo la 1992 lilipotumia kanda ya akiba iliyorekodiwa wakati uleule kwenye mashine nyingine iliyokuwa na kasi sahihi. Kwa hiyo ukijifunza solo za Coltrane kwa santuri ya zamani na saksafoni yako ikasikika iko chini, sikio lako halina kosa. Sukuma kipulizio kiingie kidogo zaidi kwenye shingo ya saksafoni, au tafuta toleo lililosahihishwa.

Kasi inasumbua hata santuri za kale za mizunguko 78 kwa dakika. Ukiizungusha kwa 74, sauti inashuka karibu nusu toni nzima, na mpiga saksafoni Charlie Parker anaonekana kupiga kwenye ufunguo ambao hakuugusa.

"Bibopu ilizuka ghafla 1945." Mtindo huo wa jazi haukuzuka; ulikosa wa kuurekodi. Chama cha wanamuziki wa Marekani kilisusia studio kuanzia Agosti 1, 1942, na kampuni za Victor na Columbia hazikukubaliana nacho hadi Novemba 1944. Bendi ya Earl Hines ya 1943, ambamo Parker alipiga saksafoni ya tenori badala ya alto na Dizzy Gillespie akapuliza tarumbeta, haikuacha santuri hata moja ya studio. Hasara hiyo haifidiki.

"Huyu kwenye picha anatumia mkono wa kushoto." Karibu kila mara ni negativu iliyogeuzwa wakati wa kuchapa. Tazama vidole: kwenye saksafoni mkono wa kushoto hukaa juu, karibu na mdomo, na wa kulia chini. Ukiona kinyume, angalia koti. La mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Vyote viwili vikiwa kinyume, geuza picha kabla hujaichapisha.

"Picha za kale hazina mwenyewe." Inategemea nani alipiga. Za mpiga picha William Gottlieb, zaidi ya 1,600, zimo Maktaba ya Bunge la Marekani na ziko huru kwa umma tangu Februari 16, 2010. Parker yumo, na mpiga saksafoni Coleman Hawkins yumo. Pakua faili kubwa, si ile ndogo ya kutazamia: kuchapa A4 vizuri kunahitaji takriban pikseli 2,480 kwa 3,508. Lakini ile ya mpiga saksafoni Dexter Gordon akiwa amezungukwa na moshi, iliyopigwa na Herman Leonard mwaka 1948, haimo humo. Hiyo omba kibali.

"Spiriti husafisha santuri yoyote." Santuri za 78 zilizotengenezwa kwa shelaki (aina ya utomvu mgumu wa asili) huyeyuka kwa spiriti, na mifereji ya sauti ikishalika hairudi. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke yenye tone la sabuni ya vyombo, brashi laini ikifuata mfereji, lebo ibaki kavu. Kisha weka sindano ya mikroni 76 hivi. Ile ya mikroni 25 ya santuri za LP (zinazocheza muda mrefu) huzama hadi chini ya mfereji, ukasikia mikwaruzo kuliko Hawkins.