Kuvaa viatu vya mtu, na vikakuenea

Juzi mwalimu mkuu mpya alikabidhiwa ofisi, na kabla hajakikalia kiti, mshereheshaji akatangaza kwamba "ameshavaa vyema viatu vya mtangulizi wake". Makofi yakapigwa. Kauli hii nimeisikia kwenye mahafali, redioni na katika taarifa za uteuzi, na kila mara inanikwaza palepale.

Msemo tumeutoa kwa Waingereza, na wenyewe wana miwili. "Step into someone's shoes" ni kushika nafasi ya mtu, basi. "Fill someone's shoes" ni kuishika na kuimudu hadi pengo la aliyeondoka lisionekane. Sisi yote miwili tumeitwisha kitenzi kimoja, kuvaa. (Ule wa "ningekuwa kwenye viatu vyako" ni wa kujiweka katika hali ya mwenzako, haumo humu kabisa.)

Mtazame mtoto wa miaka 4 aliyetumbukiza miguu kwenye viatu vya baba yake mlangoni. Amevivaa, hilo halina ubishi. Lakini kisigino chake kimeishia katikati ya soli, na kila akipiga hatua anaviburura, kimoja kinabaki nyuma, anarudi kukifuata. Kiswahili kina neno la hali hiyo: vinampwaya. Vikimkaa sawasawa tunasema vimemwenea, au vimemtosha. Maneno tunayo, tena wachambuzi wa mpira kila wiki wanatuambia beki fulani amepwaya.

Na kwenye mpira ndiko mfano ulipo. Mwaka 2013 David Moyes alimrithi Alex Ferguson pale Manchester United, kocha aliyekaa zaidi ya miaka 26 na kutwaa Ligi Kuu mara 13. Moyes alipewa mkataba wa miaka 6. Aprili 2014 akafukuzwa, hata miezi 10 kazini haijatimia. Je, alivaa viatu vya Ferguson? Alivivaa. Vilimpwaya. Yote mawili ni kweli, ila kwa jinsi tunavyousema msemo huu siku hizi, la kwanza likitajwa la pili haliwezi tena kusemeka.

Kwa hiyo, ndugu mshereheshaji, siku ya makabidhiano sema tu kwamba mwalimu amevaa viatu vya mtangulizi wake. Ukitaka kumtakia heri, ongeza: vimwenee.