Mkanda Umefungwa, Lakini Umekaa Wapi?

Mkanda wa gari unatakiwa kushika mifupa, si nyama. Papasa kiuno chako kwa mbele, shuka kidogo: vile vifupa viwili vinavyochomoza ni vya nyonga, na mkanda wa chini unapaswa kulala chini yake kidogo, ukigusa mapaja. Gari likigonga, nyonga inabeba mzigo. Mkanda ukipanda tumboni, mzigo unaangukia utumbo, ini na wengu.

Kazi yangu ni kuchunguza majeraha ya ajali, na mara nyingi swali langu la kwanza ni majeruhi alikuwa amekaaje. Ukilaza kiti, nyonga nazo zinalala kinyumenyume, mkanda unakosa pa kushikilia, na mwili unateleza chini yake. Mkanda wa juu nao unabaki hewani, mbali na kifua. Abiria wa mbele anayesinzia hivyo safari nzima ananitia hofu, hata kama amejifunga.

Mtu mnene ana tatizo jingine. Nyama ya tumbo inausukuma mkanda juu na mbele ya mfupa, kwa hiyo mwili unasogea sana kabla ya kuzuiwa, na magoti yanagonga dashibodi. Aupitishe chini ya tumbo, avue koti zito, kisha auvute ukaze. Mjamzito afanye vivyo hivyo, na mkanda wa juu upite katikati ya matiti.

Wanawake wamesahaulika mno. Sanamu maarufu inayowekwa garini badala ya mtu kwenye majaribio ya ajali, Hybrid III, ni mwanamume wa takriban sentimita 175 na kilo 78. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kuwa uwezekano wa dereva mwanamke aliyefunga mkanda kuumia vibaya ulikuwa juu kwa asilimia 47 kuliko wa mwanamume katika ajali zinazolingana. Mwaka 2022 ndipo Astrid Linder na wenzake nchini Sweden walipotambulisha sanamu ya mwanamke wa wastani, sentimita 162 na kilo 62, kwa majaribio ya kugongwa kwa nyuma. Tumechelewa sana.

Dereva mfupi asikumbatie usukani: aache angalau sentimita 25 kati ya usukani na kifua, na kiti kikiinuka, akiinue. Na abiria wa mbele asiweke miguu juu ya dashibodi. Mfuko wa hewa ukifumuka, magoti yanarushwa usoni na paja linaweza kuchomoka kwenye nyonga.