Kiti cha gari cha mtoto kimeharibika na waranti imekwisha: kabla ya kumwita fundi

Waranti inapokwisha, wazazi wengi huona wamebakiwa na njia mbili tu: kununua kiti kipya, au kumpelekea fundi kile cha zamani. Lipo swali linalotangulia yote mawili. Kimeharibika sehemu gani? Kitambaa kilichochanika na mkanda uliochanika si ubovu wa aina moja, hata kama fundi cherehani anaweza kuvishona vyote kwa siku moja.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 12 hutupwa mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 170. Nguvu hiyo hupokewa na vitu vichache: mikanda, kifungio chake, ganda la plastiki, na viungio vinavyokishika kiti kwenye gari. Katika sehemu hizo, tafadhali, msijaribu kutengeneza wenyewe. Ufa kwenye ganda hauzibwi kwa gundi wala haufungwi kwa waya, hata kama ni mwembamba kiasi gani. Mkanda ulioanza kutatuka nyuzi haushonwi. Ule wa kiwandani ulijaribiwa pamoja na kiti kizima. Mshono mpya, hata fundi awe hodari vipi, haujajaribiwa na chochote, na jaribio lake la kwanza litakuwa ajali yenyewe.

Hata hivyo, viti vingi vinavyodhaniwa vimekufa ni vichafu tu. Kifungio kinachogoma kufunga mara nyingi kimejaa makombo ya biskuti na maziwa yaliyokauka. Soma mwongozo wa kiti chako: baadhi ya watengenezaji huruhusu kukisuuza kifungio kwa maji ya uvuguvugu na kukiacha kikauke, wengine hutaka ufanye vingine. Usitie mafuta wala grisi. Kikisha kukauka, kifunge, usikilize mlio wake, kisha uvute kwa nguvu. Kisipolia, au kikiachia hata mara moja, usikitumie tena. Mkanda usiokazika nao huenda umejisokota au umekwama nyuma ya kiti. Ufuatilie njia yake yote kabla ya kuulaumu. Kuusafisha, kitambaa chenye unyevu na sabuni laini kwa kawaida vinatosha. Mashine ya kufulia, dawa ya kung'arisha nguo na pasi hudhoofisha nyuzi zake bila wewe kuona.

Ikiwa kweli sehemu imeharibika, wasiliana na mtengenezaji ijapokuwa waranti imekwisha. Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa mapema mno. Tafuta lebo iliyo nyuma au chini ya kiti, uandike jina la modeli, namba yake na tarehe ya kutengenezwa, kisha upige picha ya sehemu yenyewe. Uliza mambo mawili. Kwanza, je, kipuri hicho kinauzwa? Vitambaa, pedi za mabega, na kwa baadhi ya modeli kifungio na mikanda yote, hupatikana na hubadilishwa kwa kufuata maelekezo. Usikubali kipuri cha modeli nyingine kwa sababu tu kinaingia. Pili, je, modeli hiyo imewahi kutangazwa kuwa na kasoro? Tangazo la namna hiyo halifuati waranti, kwa hiyo unaweza kupewa suluhisho bila malipo muda mrefu baada ya waranti kwisha. Usisahau pia sheria za walaji: katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, muuzaji huwajibika kwa kasoro ya bidhaa kwa angalau miaka 2, bila kujali waranti ya mtengenezaji inasemaje.

Waranti na umri wa kiti ni vitu viwili tofauti. Waranti ni ahadi ya biashara. Umri wa kiti, ambao watengenezaji wengi huuweka kati ya miaka 6 na 10, unahusu plastiki inayochoka kwa joto na jua. Kiti kilichopita umri huo hakistahili kununuliwa kipuri. Vivyo hivyo kilichokuwamo kwenye ajali kubwa au ya wastani: NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama barabarani, inapendekeza kibadilishwe hata kama hakionyeshi dosari.

Wakati unasubiri kipuri, kitambaa kilichotoboka hakimzuii mtoto kusafiri, mradi mikanda inakaa mahali pake. Kifungio au ganda likiwa ndilo bovu, azima kiti ambacho historia yake unaijua kwa hakika, au ahirisha safari. Kumpakata mtoto si mbadala. Hakuna mikono inayohimili nguvu niliyoitaja.

Ukiamua kukitupa, usikiache kizima kando ya pipa wala usimpe mtu kwa huruma, maana kesho kitakuwa garini kwa mwingine. Kata mikanda yote, vua kitambaa, na uandike juu ya ganda kwa kalamu ya wino mzito: KIBOVU, KISITUMIKE.