Cheo cha baada ya kifo: maana yake, na kisa cha rubani Eugene Bullard

Cheo cha baada ya kifo ni kile ambacho jeshi humpa mtu akiwa ameshafariki. Kisichanganywe na medali ya askari aliyeuawa vitani, ambayo hupokelewa na mjane au wazazi wake. Medali hutolewa kwa ushujaa wake. Cheo kinaweza kutolewa kwa sababu nyingine kabisa: marehemu alistahili kukipata akiwa hai, akanyimwa.

Sijui mfano ulio wazi kuliko wa Eugene Bullard. Alizaliwa Columbus, Georgia, mwaka 1895, akavuka bahari angali kijana kuukimbia ubaguzi wa Marekani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914 alijiunga na Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa, kikosi cha jeshi kinachoandikisha wageni, na Machi 1916 akajeruhiwa vibaya katika mapigano ya Verdun, Ufaransa. Alipopona aliomba kujifunza urubani. Mei 1917 akapata leseni, na baadaye mwaka huo akawa anarusha ndege za kivita aina ya Spad, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa rubani wa vita.

Marekani nayo ilikuwa imeingia vitani, na jeshi lake likawakaribisha Wamarekani waliokuwa wakiipigania Ufaransa angani wahamie kwake, wapewe uofisa. Bullard aliomba, akapimwa afya, akafaulu. Wenzake weupe walichukuliwa. Yeye aliachwa kwa sababu ya rangi yake, wala hakuna sababu nyingine ya kutafuta.

Ufaransa ilimheshimu angali hai, na mwaka 1959 ikamtunuku nishani ya Légion d'honneur. Wakati huo alikuwa mwendesha lifti katika jengo la Rockefeller Center, New York. Televisheni iliyokuwa na studio humohumo ilipomhoji, alitokea mbele ya kamera na sare yake ya lifti. Alifariki Oktoba 1961.

Mwaka 1994 Jeshi la Anga la Marekani likampa cheo cha Luteni Usu, miaka 77 tangu lile ombi la 1917. Ni ngazi ya chini kabisa ya uofisa, lakini uofisa ndio hasa aliokuwa amenyimwa, na kwa kumpa cheo hicho jeshi liliingiza jina lake katika orodha lililokataa kumwandika. Kwa hiyo ukikuta maandishi ya leo yakimwita Luteni Bullard, fahamu kwamba hakuwahi kukivaa cheo hicho. Angani alipigana akiwa koplo wa Ufaransa.