Pwani iliyofichwa ndani ya karoti

Hapa Lubumbashi neno karoti lina maana mbili. Ya kwanza unaikuta sokoni kwa mama wa mboga. Ya pili ni ule mche wa jiwe, nene kama kifundo cha mkono, ambao mashine ya sondaji, yaani ya kutoboa ardhi, huutoa ardhini, nasi wajiolojia huupanga kwenye masanduku, mita kwa mita, tuusome. Juzi nilikuwa nimeinama juu ya sanduku nikimwonyesha mwenzangu alama za mawimbi, kijana aliyebeba masanduku akasimama na kuniuliza: "Papa, bahari ilikuwaka huku?"

Ilikuwa. Mji wetu uko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari yoyote, tena uko kama mita 1,200 juu ya usawa wake. Lakini mawe yanayobeba shaba ya Katanga yalianza kama tope na chokaa ya pwani, zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Alama nilizokuwa nikionyesha ni vituta vidogo vilivyopangana sambamba, kama mabati ya paa, na kila kituta kina miteremko miwili iliyo sawa. Maji ya mto husukuma upande mmoja tu, kwa hiyo vituta vyake huwa na mteremko mrefu na mwingine mfupi. Mteremko ukiwa sawa pande zote mbili, maji yalikuwa yakienda na kurudi. Hayo ni mawimbi.

Wimbi lina mkono wenye urefu maalumu. Ukipima umbali kutoka kilele cha wimbi moja hadi kilele cha linalofuata, nusu ya umbali huo ndicho kina ambacho wimbi linaweza kugusa. Vilele vikiachana mita 40, mchanga utachezeshwa mpaka kina cha mita 20, na chini ya hapo maji yametulia. Ndiyo maana karibu na ufukwe hubaki mchanga, uliopepetwa vizuri mpaka punje zinalingana, na tope hupelekwa mbali likatue kwenye utulivu. Hutua pia upande wa pili, nyuma ya matuta ya mchanga, kwenye wangwa, pale maji yanapoingia wakati wa kujaa na kutoka wakati wa kupwa. Sehemu ya wangwa ikikaa siku nyingi bila kufikiwa na maji, tope lake hupasuka vipande vipande, sawasawa na madimbwi ya barabara zetu mwezi wa 5 mvua zikishakatika.

Hayo ni mashapo, yaani vitu vinavyotua chini ya maji, yanayoletwa. Mengine pwani hujitengenezea yenyewe. Watu wa Mombasa na Zanzibar hawahitaji kuelezwa: kuta za nyumba zao za zamani ni mawe ya matumbawe, yaani mifupa ya chokaa ya viumbe vya bahari. Sisi hatuna matumbawe, na kijana anayetafuta konokono ndani ya jiwe la Kolwezi, mji mwingine wa migodi, atachoka bure, kwa sababu wakati huo mnyama mwenye gamba alikuwa hajatokea duniani. Kazi ilifanywa na vijidudu visivyoonekana kwa jicho. Unaujua ule utelezi wa kijani unaoota kwenye sementi ya kisima? Fikiria utelezi wa namna hiyo umetandaa kwenye sakafu ya bahari, mahali mwanga wa jua unapofika. Unanasa vumbi la chokaa, unakua kupita juu yake, unanasa tena. Vilevile vijidudu vikitumia mwanga kujilisha hunyonya hewa ya ukaa kutoka majini, na maji yakipungukiwa na hewa hiyo huachia chokaa. Baada ya miaka mingi unapata vichuguu vya mviringo vyenye matabaka membamba, ukivikata vinafanana na kabichi iliyopasuliwa. Tunaviita stromatoliti. Huko Shark Bay, Australia, vinaendelea kukua hadi leo, kwa kuwa maji yake ni ya chumvi kali kiasi kwamba konokono wengi ambao wangevila hawawezi kuishi humo.

Chumvi nayo ina sehemu yake katika habari hii. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Maji yakinaswa kwenye wangwa wenye jua kali, hutangulia kuganda chokaa, kisha jasi, na ile chumvi ya jikoni huanza pale tu yanapobaki kama sehemu moja ya kumi.

Sasa rudi kwenye sanduku. Migodini hapa tabaka hizi zina majina ambayo hata dereva wa lori anayajua, vifupisho vya Kifaransa tulivyoachiwa na wazee wa kazi: RAT, D-Strat, RSF, RSC, SD. RAT iko chini kabisa, ni nyekundu, rangi ya chuma kilichokutana na hewa. Hapo ni pwani kavu, maji yanafika kwa nadra. Ukipanda unaingia D-Strat na RSF, matabaka membamba ya chokaa na utando wa vijidudu: maji yanakuja na kuondoka. Halafu RSC, jiwe gumu lenye matundu, lililojaa stromatoliti: sasa umezama majini, ila mwanga bado unafika chini. Juu yake ni SD, ambayo ina tope jeusi la maji yaliyotulia. Kwa hiyo kupanda kwenye karoti ni sawa na kutembea kutoka nchi kavu kuelekea baharini. Mjerumani Johannes Walther alilieleza jambo hili mwaka 1894: mazingira yaliyokaa ubavuni kwa ubavuni ndiyo yanayokuja kulaliana, moja juu ya jingine, bahari inaposogea. Kwangu mimi hii ndiyo fikra nzuri kuliko zote katika elimu ya mawe, nami huchukizwa nikiona inafundishwa kwa sentensi moja kisha mwalimu anasonga mbele.

Hapo kijana akanibana vizuri. Kama bahari ilikuwa na kina kifupi, vipi mawe yake yana unene wa mamia ya mita? Si ingejaa? Ingejaa, kama sakafu ingetulia. Lakini bara lilikuwa linavutwa na kuchanika, na sakafu ilikuwa inashuka polepole. Ni kama unatia mchanga kwenye karai huku mwenzako anachimba chini yake: karai linashuka, wewe unatia, uso wa mchanga unabaki palepale. Anayechimba akikuzidi, bahari inakuwa na kina. Ziwa Tanganyika, pale Kalemie na kwingineko, liko kwenye mpasuko wa namna hiyo, na mashapo hayajaweza kuufukuzia: kina chake kinafika kama mita 1,470.

Kuwa jiwe kwenyewe hakuna maneno mengi. Tope jipya ni maji zaidi ya nusu. Mzigo wa juu hulikamua, na madini yaliyoyeyuka katika maji yanayopenya huganda kati ya punje kama sementi. Chokaa yetu kubwa iligeuka pia kuwa dolomiti, baada ya kupokea madini ya magnesi. Shaba haikuletwa na mawimbi: ililetwa na maji ya chumvi yaliyopita ndani ya mawe baadaye, ikanaswa zaidi pale palipokuwa na mabaki ya viumbe na salfa, chini ya RSC na juu yake. RSC yenyewe kwa kawaida ni maskini.

Baadaye, kati ya miaka milioni 600 na 500 iliyopita, kuinuka kwa milima kulikunja kila kitu, na baadhi ya matabaka yakapinduliwa kabisa. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika karoti nzima, siku tatu, nikieleza bahari inayokauka taratibu kadiri unavyopanda. Mzee aliyekuwa akinifundisha aliokota kipande kimoja, akakigeuza mkononi, akaniuliza: "Tangu lini kabichi inaotaka kichwa chini?" Vichuguu vya stromatoliti vilikuwa vimeinamia chini, na nyufa za tope zilikuwa pana chini, nyembamba juu. Nilifuta, nikaanza upya kutoka sanduku la mwisho.