Atlas hakubeba dunia jamani

Hili la Atlas, yule wa hadithi za kale za Wagiriki, tuliweke sawa, maana siku hizi kila mtu akilemewa na ada na kodi ya nyumba anaandika "nimebeba dunia nzima kama Atlas" na chini anaweka picha ya yule mzee wa misuli aliyepinda mgongo na tufe begani. Atlas hakubeba dunia. Alibeba mbingu.

Maana za neno fasta fasta: atlasi ni kitabu cha ramani, kile cha shule. Atlas ni milima ya Morocco, Algeria na Tunisia, ndo maana timu ya Morocco iliyofika nusu fainali Kombe la Dunia 2022 inaitwa Simba wa Atlas. Madaktari nao wana atlasi yao, pingili ya kwanza ya shingo, ile inayobeba kichwa. Bahari ya Atlantiki imetoka humo humo. Ila atlasi ya kitambaa, ile ya kung'aa, msiichanganye humu, hiyo ya Kiarabu na haina undugu wowote na Wagiriki.

Sasa stori yenyewe. Atlas alikuwa Mtitani, wale miungu wa zamani waliopigana na Zeus, mkuu wa miungu, wakashindwa. Wenzake wakafungiwa kuzimu, yeye akapewa adhabu yake ya peke yake, asimame mwisho wa dunia huko magharibi aishikilie mbingu isidondoke, na Hesiod, mshairi wa Kigiriki, ameiandika hivyo hivyo miaka mia kadhaa kabla ya Kristo. Yani amesimama juu ya ardhi. Kama dunia iko begani, miguu kakanyaga wapi? Hata Herakles, yule shujaa wa Wagiriki mwenye nguvu, alipompokea mzigo ili Atlas akamletee matufaha ya dhahabu, alichopokea ni mbingu, na Atlas aliporudi akagoma kuuchukua tena, Herakles akamwambia sawa, nishikie kidogo tu nijiwekee ngata vizuri kichwani. Akashika. Mpaka leo.

Kosa limetokea kwenye sanamu. Ile maarufu inayoitwa Atlas wa Farnese iko Naples, Italia, kazi ya Warumi, ukilitazama tufe lake vizuri utaona limechorwa makundi ya nyota, hamna bara hata moja. Watu wakaona duara wakajua dunia. Halafu akaja Mercator, mchora ramani, kitabu chake kikatoka 1595 yeye mwenyewe keshafariki mwaka uliotangulia, jina kakiita Atlas, na huyo Atlas wake wala si yule wa adhabu, alimkusudia mfalme wa Mauretania huko Afrika Kaskazini, mjuzi wa nyota ambaye inasemekana ndiye aliyetengeneza tufe la kwanza la mbingu. Mbingu tena! Ila kitabu kimejaa ramani za nchi, na vilivyofuata vikawa vinachorwa jitu limebeba dunia jaladani, basi ikaganda hivyo.

Kwa hiyo ndugu yangu mwenye majukumu, andika tu "nimebeba mbingu kama Atlas", uzito wake hata haupungui. Na kama lazima iwe dunia, kuna yule ng'ombe wa hadithi za kale za Kiarabu aliyesimama juu ya samaki, huyo ndo kaibeba kweli.